Mtoto Amepona: Nani Aseme?

Hapa kwetu Fumba mtoto akiugua majirani wote huja kumtazama, na akisimama tena kwa miguu yake watu husema, "Alhamdulillahi, amepona." Kisha kila mtu hurudi kwenye shughuli zake, pwani au shambani. Swali letu ni hili: neno hilo "amepona", nani mwenye haki ya kulisema, na kwa kupima nini?

Twauliza kwa sababu tuna deni. Mwaka 1985, tulipokuwa vijana tuliotoka chuo cha ualimu juzijuzi, tulifundisha katika shule moja ya mjini. Darasani mwetu alikuwamo mtoto wa wavuvi wa Fumba, aliyekaa kwa shangazi yake Ng'ambo. Aliugua surua. Vipele vilipoanza kufifia homa ikarudi, akapatwa na degedege, akalala siku mbili bila kumtambua mtu, na alipozinduka miguu haikuwa na nguvu. Baada ya majuma kadhaa alitembea. Baada ya miezi mitatu alirudi shuleni, akacheza mpira kama wenzake. Lakini alinakili ubaoni polepole mno, na hesabu aliyoifahamu asubuhi ilikuwa imempotea ifikapo adhuhuri. Tukamwita mvivu. Tukampiga bakora, wala si mara moja. Hakuna aliyetukataza, maana mtoto alikuwa amepona.

Siku hizi twajua zaidi. Mishipa ya fahamu imevikwa ganda la mafuta, kama waya wa umeme ulivyovikwa mpira, ili habari zipite upesi. Baada ya surua, au maradhi mengine ya kuambukiza, hutokea mara chache kwamba kinga ya mwili, badala ya kutulia vita vikiisha, hulishambulia ganda hilo katika ubongo na uti wa mgongo. Kwa surua huwapata kiasi cha mtoto mmoja katika elfu moja. Wengine hufa, wengine hurudiwa na nguvu za viungo. Madaktari waliowafuata watoto wenye ugonjwa wa namna hii kwa miaka kadhaa wameona kwamba baadhi yao, ingawa hutembea vizuri, wana taabu ya kukaza fikira, ya kukumbuka, na ya kufanya jambo kwa haraka; yaani mambo yale yale ambayo sisi walimu huyaita uvivu.

Malaria ya ubongo ni ugonjwa mwingine, lakini habari yake yafanana na hii. Huko Kampala watafiti waliwafuata watoto walionusurika, wakawapima akili. Baada ya miezi 6 kiasi cha 21% walikuwa na upungufu. Baada ya miaka 2 walikuwa 26%. Twaona basi kwamba muda wenyewe haukuwa dawa.

Uko ufuatiliaji mmoja uliofika hata visiwani kwetu. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea viungo ghafula, watu wa afya huchukua sampuli mbili za choo ndani ya siku 14, na baada ya siku 60 hutakiwa kumtazama tena kama ulegevu umebaki. Kazi hiyo ni ya kuisaka polio, nayo imezaa matunda: tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa haina tena polio ya asili. Lakini watoto wengi wanaopatikana katika msako huo hawana polio. Baadhi yao wana ugonjwa uitwao Guillain-Barré, ambao hushambulia mishipa ya fahamu iliyo nje ya ubongo, mara nyingi katika ganda lile lile. Siku ya 60 fomu hujazwa na kazi imekwisha. Hatulaumu; fomu iliwekwa kwa ajili ya polio. Mtoto naye ana siku ya 61, na darasa la nne, na la saba.

Rafiki yetu mmoja, mwalimu mstaafu kama sisi, alitupinga barazani. Alisema mtoto akifuatwafuatwa atajiona mgonjwa maisha yake yote, na wenzake watampa jina. Heri aachwe asahau. Hoja hiyo ina uzito, na ilitunyamazisha kwa siku kadhaa. Lakini mwanafunzi wetu jina alikuwa nalo tayari, na sisi ndio tuliompa. Ingetosha shangazi yake kuulizwa mtoto aliuguaje, mwalimu akamkalisha mbele na kumwongezea muda, akaandika maneno mawili kwa ajili ya mwalimu wa mwaka unaofuata. Hata Msamaria yule tumjuaye sote alimwahidi mwenye nyumba ya wageni kwamba atapita tena. Sehemu hiyo ya habari yake tumeipita mbio tangu utoto.

Juzi tulimkuta mtu wetu pwani, akishona nyavu, kichwa kimeanza mvi. "Shikamoo, mwalimu." Tukaitika marahaba kwa sauti ndogo. Habari ya bakora hatukuweza kuitaja. Tukamwuliza habari za miguu. Akasema miguu haina neno; ila pesa za samaki humpa binti yake azihesabu, maana yeye akihesabu hupotea katikati, tangu alipougua surua. Tukamwuliza kama alipata kumwambia mtu.

"Hakuna aliyeniuliza, mwalimu," akasema, akaendelea na nyavu zake.