Haki ya Jina

Nchi ya Ayalandi imegawanywa tangu kale katika vitongoji zaidi ya 60,000, kila kimoja na mpaka wake na jina lake. Na majina hayo kwa sehemu kubwa asili yake ni Kiayalandi. Wapimaji wa Serikali ya Uingereza walipoanza mwaka 1824 kuchora ramani ya nchi nzima, ili kodi ya ardhi ipate kukadiriwa sawasawa, iliwabidi kuyaandika majina hayo kwa hijai ya Kiingereza. Uchunguzi wake alipewa John O'Donovan, mwanachuoni wa Kiayalandi aliyeingia katika idara hiyo mwaka 1830. Hakuwa mtu wa kukisia. Alilinganisha maendelezo ya zamani yaliyomo katika hati na vitabu vya upimaji wa karne ya 17, kisha akasafiri kuwasikiliza wazee wakitamka.

Hata hivyo, kazi hiyo ya uaminifu ilikuwa na dosari. Cill ni kanisa, coill ni msitu. Kwa Kiingereza yote mawili mara nyingi huandikwa Kil. Kylemore ya Galway ilibahatika, na msitu mkubwa ungali waonekana katika jina lake. Lakini akutanaye na Kilmore katika ramani hawezi kujua kama watu wa kale mahali pale walikwenda kusali au kukata kuni, mpaka arudi kwenye hati.

Je, aliyehifadhi sauti akapoteza maana ametenda haki? Wako wasemao kwamba dawa ni kurudisha asili tu. Dawa hiyo ilijaribiwa. Kwa amri ya mwaka 2004, katika wilaya za wasemao Kiayalandi, majina ya Kiingereza yaliondolewa katika ramani rasmi na vibao vya barabara. Mji wa Dingle, katika Kerry, ukawa An Daingean. Mwaka 2006 wenyeji walipiga kura, na wengi mno wakataka majina mawili pamoja, Dingle na Daingean Uí Chúis. Sheria ya mwaka 2011 ikawakubalia. Walichekwa kwamba wanatetea fedha za watalii, na kweli fedha zilikuwamo. Lakini Daingean Uí Chúis nalo ni Kiayalandi kitupu, hawakuikana lugha. Walidai kuwa na neno katika jambo la kwao.

Neno hilo ndilo walilokosa wazee waliomjibu O'Donovan. Waliulizwa jinsi watamkavyo. Hawakuulizwa kama wameridhia kuandikwa vile.