Kazi Nyepesi

Muuguzi akipata ulemavu, watu wema humtafutia kazi nyepesi. Nasema watu wema kwa sababu ndivyo walivyo. Nilipokatwa mguu wa kulia chini ya goti baada ya ajali ya bodaboda, matroni wetu aliniambia, "Mwanangu, umeshateseka vya kutosha. Nenda ukakae masjala." Masjala kuna kiti, feni na mafaili. Mgonjwa hayupo.

Huruma ikimtoa mtu kwenye kazi aliyoisomea, bado ni huruma?

Matroni alikuwa na hoja. Mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji akiyumba, anahitaji mikono ya kumdaka papo hapo. Haki yangu ya kufanya kazi haiwezi kulipiwa kwa nyonga ya mtu mwingine. Hata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, inazungumzia watu wenye sifa. Ila asilimia hiyo inaweza kutimizwa masjala pia. Idadi haisemi nani kawekwa wapi.

Nikajiuliza, muuguzi anayeweza kila kitu ni yupi? Wodini kwetu hakuwepo. Mgonjwa mzito hageuzwi na mtu mmoja. Tunafundishwa kuita mwenzetu. Dada mmoja macho yalishachoka, akawa anamwita kijana amtafutie mshipa. Mwingine alikuwa mjamzito, akaondolewa zamu za usiku. Kwa hao tuliita kupanga zamu. Kwangu ikaitwa kazi nyepesi.

Kila tarehe 12 Mei tunaadhimisha Siku ya Wauguzi Duniani, siku aliyozaliwa Florence Nightingale. Tunamkumbuka na taa yake wodini. Mara chache tunakumbuka kwamba alirudi kutoka vita vya Crimea mwaka 1856 akiwa mgonjwa, na kwamba kwa miaka mingi baadaye alifanya kazi akiwa kitandani. Chuo chake cha uuguzi kilifunguliwa London mwaka 1860, katika miaka hiyo hiyo. Zamu moja ya wodini ingemshinda. Hakuna anayesema aliacha uuguzi.

Sikuomba kurudishwa wodi ya upasuaji. Niliomba tukae na matroni tuandike kazi zote za muuguzi, kisha tutenganishe zinazodai miguu miwili na zisizodai. Ilichukua miezi minne kupata kikao hicho, na dakika 20 kumaliza orodha. Nikapangiwa kliniki ya kisukari.

Sasa nakaa kwenye stuli na kukagua nyayo za watu. Natazama katikati ya vidole, nagusa ngozi kwa uzi wa nailoni kuona kama mgonjwa anahisi, namfundisha asitembee peku. Wengine huuliza, "Sista, na wewe ni sukari?" Nawajibu ni bodaboda, tunacheka, kisha wanavua viatu. Mkuu mmoja alipendekeza nisimame mbele niwaonyeshe mguu bandia ili waogope. Nilikataa. Niliajiriwa niwe muuguzi, sikuajiriwa niwe bango.

Kazi hii si nyepesi. Kufika saa nane mchana kigutu kimevimba, na foleni bado ipo. Simdharau karani wa masjala. Faili likipotea, mgonjwa huumia. Lakini karani ana ujuzi wake nami nina wangu, na kuna kidonda ambacho ningekiona mimi mapema, yeye asingekiona.

Kwa hiyo nimefika hapa: huruma isiyomuuliza anayehurumiwa humpumzisha zaidi mwenye kuitoa. Aliona mateso, akatafuta kiti, roho yake ikatulia. Haki inachosha zaidi, maana inadai watu wakae chini na kalamu, waulizane nini kinawezekana, na kesho wapange zamu upya.