Ukuta Usio na Mlango

Kiswahili kina neno ambalo madizaina wa maonyesho wangelilipia pesa nyingi: kuwamba. Unawamba ngozi kwenye ngoma. Unawamba kitanda kwa kamba. Ukivuta kitu chepesi kikakaza, kikaacha kulegea na kuanza kubeba uzito au kutoa sauti, umekiwamba. Wenzetu wa Ulaya wameandika vitabu vizima juu ya jambo hilo. Frei Otto, Mjerumani aliyejifunza maumbo kwa kuchunguza utando wa sabuni, aliwamba banda la Ujerumani Magharibi kwenye maonyesho ya Montreal mwaka 1967, kisha akawa miongoni mwa waliosanifu mapaa ya uwanja wa Olimpiki wa Munich, 1972. Siri yenyewe si ngumu. Kitambaa kilicholala bapa kitapigwapigwa na upepo hata ukikikaza vipi. Kinataka kuvutwa pande mbili zinazopingana, upande mmoja ukipinda juu na mwingine chini, kama tandiko la farasi. Kikishapata ugomvi huo, kinatulia.

Nayajua haya kwa sababu nimepewa kazi ya kuandika maneno ya ukutani kwa maonyesho madogo ya kusafiri kuhusu Tana ya chini. Na maonyesho ya siku hizi, unajua, si picha na kibandiko tena. Mgeni anaingizwa ndani: kuta zinamzunguka, picha zinatembea juu ya kuta, sauti inatoka chini ya miguu. Kwetu ni Hewani, huku Garsen, na chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hiyo kwenye mikutano mimi ndiye "sauti ya jamii". Sawa tu. Kodi ya nyumba inalipwa.

Kitambaa kilishinda mapema. Poliesta inayonyumbulika inashonwa kama soksi kubwa, inavishwa kwenye fremu ya mabomba ya alumini, inafungwa zipu, na chumba kizima kinakunjwa kikaingia nyuma ya pikapu. Mbao zingefika Hola zikiwa kuni. Mimi nilikuwa na wasiwasi mmoja tu, nao si wa ufundi. Mto ulipofurika Aprili na Mei 2024, watu wa Tana Delta walilala chini ya maturubai. Kijana wa Nairobi akiona ukuta wa kitambaa anaona burudani. Mtu wa kwetu anaweza kukumbuka foleni ya unga. Tulikubaliana kuta zisiwe nyeupe wala bluu ya turubai. Hiyo ilikuwa rahisi.

Ngumu ni chumba cha kati, chumba cha Ngadji.

Kama hujawahi kuisikia: Ngadji ni ngoma takatifu ya Wapokomo. Sauti yake ilimfikia kila mtu, lakini kuiona kwa macho ilikuwa haki ya wazee wachache waliopitishwa kwenye mambo yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 maafisa wa Kiingereza waliichukua, na tangu 1908 iko mikononi mwa British Museum, London. Nayo haipo hata kwenye kabati la wageni. Iko ghalani. Ukoo wa waliokuwa watunzaji wake umeshasema hadharani kwamba unaitaka irudi.

Dizaina wetu, na ni mtu mzuri kabisa, simsemi vibaya, alichora hivi: chumba cha duara, kuta zimewambwa kama ngozi, mgeni anafungua zipu na kuingia ndani ya ngoma. Katikati pana mfano wa Ngadji, taa inawaka taratibu, mdundo mzito unatikisa sakafu. Watu watapiga selfi mpaka betri ziishe. Kila mtu mezani alipiga makofi. Mimi nikauliza: kwani mlango ni wa nini?

Nimelifikiria swali hilo kuliko nilivyolipwa kulifikiria. Kitambaa kina tabia ambayo matofali hayana: kinaziba jicho lakini hakizibi sikio. Na hata jicho linategemea taa. Kitambaa chepesi ukikimulika kwa mbele kinakuwa ukuta. Ukikizima mbele ukawasha nyuma, kinayeyuka, na kilichojificha kinaonekana. Watu wa tamthilia wanautumia mchezo huo kila siku. Maana yake, anayeshika swichi ndiye anayeamua nani aone nini. Chumba cha kitambaa kisicho na mlango, taa zikiwa nje tu, kingetufanyia kile kile wazee walichokuwa wakifanya: wote tunasikia, hatuoni.

Hapo wenzangu wa mjini wananigeukia. Wewe ni mwanamke, wanasema, tena kijana. Sheria hiyo ilitungwa ili watu kama wewe wabaki nje. Leo umepewa uzi na mkasi, unataka kushona ukuta ule ule?

Hoja hiyo ina uzito, na siwezi kuikwepa kwa kusema "utamaduni" halafu ninyamaze. Siri ni mamlaka. Mwenye kuiona ngoma ndiye aliyeamua, na asiyeiona alitii. Sina hamu ya kurudi huko. Lakini angalia nani anaweza kuiona leo. Mfanyakazi wa ghala la London, ambaye hakupitishwa kwenye lolote, anaweza kuipima urefu kwa futi. Mzee wa Tana hawezi. Ukuta haukuvunjwa, ulihamishwa tu, na mimi bado niko nje yake. Nikitengeneza mfano wa ngoma na kuuzia watu tiketi, sitakuwa nimewashinda wazee. Nitakuwa nimesimama upande wa ghala.

Na si kweli kwamba watu wetu ni wachoyo wa mambo yao. Sauti ya wimbo wa taifa wa Kenya ilitoka kwenye wimbo wa kubembelezea watoto wa Kipokomo. Tangu 1963 nchi nzima inausimamia wima, wengi wao bila kujua ulianza kwa mama anayetaka mtoto alale. Hicho kimetoka na kuzunguka, na sijasikia mtu wa kwetu akidai kirudi. Kwa hiyo jamii moja inaweza kuwa na kitu cha kutoa na kitu cha kubakiza, na mgeni mwenye adabu anauliza kipi ni kipi kabla hajatoa simu mfukoni.

Mwaka 2021 kulikuwa na maonyesho yaliyotoka Nairobi yakaenda Cologne na Frankfurt, Invisible Inventories, kuhusu maelfu ya vitu vya Kenya vilivyoko kwenye makumbusho ya nje. Waliweka makabati ya vioo matupu. Naliheshimu sana wazo hilo. Ila kabati tupu linasema jambo moja: kimechukuliwa. Ukuta usio na mlango unasema jambo jingine, gumu zaidi kwa mteja wetu: hata kikirudi, huenda si chako kukiona.

Nilimpelekea babu mmoja wa kijijini mchoro ule wa zipu. Aliugeuza simu mara mbili.

"Hii ndiyo Ngadji?"

"Ni mfano tu, babu."

"Mfano wa nini? Mimi mwenyewe nimezaliwa ikiwa tayari Ulaya. Sijaiona. Baba yangu hakuiona."

"Sasa tufanyeje?"

"Mwanangu, mkitengeneza ya uongo, watu watakwenda wakisema wameiona. Na wale walio nayo watasema, kumbe mnayo, mnalilia nini?"

Hilo la pili halikuwa limenipita akilini hata kidogo. Mfano ukiwa mzuri sana unaweza kuifanya ya kweli isihitajike.

Dizaina ameuelewa ukuta, nadhani. Anachouliza sasa ni sauti. Kama mgeni haoni, basi asikie, na ana spika kubwa za kuweka chini ya sakafu. Lakini maneno ya babu yanagusa sikio pia. Hakuna aliye hai huku aliyewahi kuisikia Ngadji. Mdundo wowote tutakaoutengeneza kwenye kompyuta, mtoto wa shule ya Hewani ataondoka akidhani ndio wenyewe. Nimependekeza tuache kimya, na feni ndogo nyuma ili kitambaa kitetemeke kidogo mtu akikisogelea. Meneja anasema hakuna atakayelipa kiingilio kutazama kitambaa kikitetemeka. Anaweza kuwa sahihi.

Tunakutana tena Ijumaa. Kwenye mchoro wa sasa chumba cha kati kina kuta za duara zilizowambwa, taa kwa nje, na alama ya kuuliza kwa penseli pale palipokuwa pameandikwa zipu.