Fani yetu nayo ipimwe

Ndugu msomaji, Ijumaa moja nikitoka msikitini Kariakoo, mzazi mmoja, muuza vitenge, alinishika mkono. "Ustadhi, kijana wangu anataka kusomea Maarifa ya Uislamu chuoni. Hiyo nayo ni fani ya chuo kikuu, au ni madrasa ya gharama kubwa?"

Sikumjibu pale pale. Si mbali na tuliposimama upo Mtaa wa Lumumba. Huko, Oktoba 1961, katika jengo la TANU, ndiko kilikoanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: wanafunzi wachache, kitivo kimoja tu cha Sheria. Nchi ilikuwa inapata uhuru na wanasheria wazalendo wakihesabika kwa vidole. Fani ilianzia kwenye haja ya watu.

Lakini haja peke yake haitoshi. Kiswahili kilianza na taasisi ya uchunguzi mwaka 1964, idara ikafuata 1970, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka 1981. Ni kazi ya miaka, ndugu zangu. Leo mtaala hujadiliwa idarani, hupita seneti, kisha Tume ya Vyuo Vikuu huupa ithibati, na watahini wa nje hukagua mitihani.

Wapo wenzetu wanaouliza: nani wa kuja kuikagua elimu ya dini? Hoja hiyo siikubali. Maulamaa wa hadithi walimchunguza kila mpokezi, ukweli wake na hifadhi yake, hata awe mcha Mungu mashuhuri. Na Suratul Hujurat, aya ya 6, inatutaka tuhakiki habari.

Ijumaa iliyofuata nikamjibu yule mzee: ndiyo, ni fani, na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kipo tangu 2005. Ila popote aendapo kijana, aulize kama kozi ina ithibati, walimu wameandika nini, na nani anawasahihisha.

"Na wewe, Ustadhi, nani anakusahihisha?"

Nilinyamaza. Maelezo yangu ya mirathi niliyanakili nikiwa mwanafunzi. Nilipoyafungua usiku ule nikakuta nimempa mama wa marehemu theluthi hata pale marehemu alipoacha ndugu wawili, badala ya sudusi. Miaka sita nimefundisha hivyo! Allah anisamehe, huenda kuna waliopunjwa.

Daftari zima nimelipeleka kwa sheikh mmoja mjuzi wa mirathi. Amelirudisha likiwa na wino mwekundu kurasa nne.