JE, TUTAIHAMA ARDHI?



Wako wasemao kwamba ardhi yaharibika, na dawa ni binadamu kuhamia sayari nyingine kabla hii haijawa haikaliki. Mwaka 2016 Elon Musk, tajiri wa Marekani, alitangaza azma ya kujenga mji katika Mirihi.

Sisi hatuikatai elimu hiyo. Kuzitafakari mbingu ni ibada; na setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka bahari yetu hii, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Walakini yatupasa kupima. Baina ya 1969 na 1972 watu 12 tu walikanyaga mwezi, na hapana aliyekaa huko siku nne. Hewa ya Mirihi ni hafifu mno, wala haifai kuvutwa. Baridi yake kwa wastani ni kama digrii 60 chini ya sifuri. Ardhi hii, hata ichafuke vipi, ni bora kuliko huko. Na watakaochukuliwa ni wangapi? Maskini na mayatima wataachiwa nani?

Mwenyezi Mungu amemfanya mwanadamu khalifa katika ardhi. Mpangaji aliyeibomoa nyumba ya kwanza, nani atampa ya pili? Mwaka 2024 ulipita kwa joto miaka yote iliyopata kupimwa. Nasi tungali twakata mikoko na kutupa taka baharini!

Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa hata Kiyama kikisimama, mwenye mche mkononi na aupande. Basi na tupande.