KIJANA, JOTO LAKO LIMEFIKA NDANI?

Kijana mpendwa, usiitupe karatasi hii. Soma kwanza! Ni habari ya matairi, tena ya magari ya mashindano.

Aprili 2023, Spa-Francorchamps, nchini Ubelgiji. Baridi! Mwaka huo mashindano ya dunia ya magari ya masafa marefu yalikuwa yamepiga marufuku kupasha matairi moto kabla ya kuyafunga. Antonio Fuoco akatoka kubadilisha matairi ya Ferrari yake. Hakufika mbali. Gari likamponyoka mahali paliponyooka, likajibamiza pembeni. Jiulize: injini nzima, dereva hodari, kosa liko wapi? MATAIRI YA BARIDI!

Mpira wa tairi hilo ukiwa baridi ni mgumu, haushiki lami. Ukipata joto hulainika, unang'ang'ania. Ndiyo maana wale wa Formula 1 huyavika matairi yao mablanketi ya umeme; mwaka 2023 yale ya barabara kavu yalipashwa hadi nyuzi 70.

Sasa angalia, hapa ndipo wengi hudanganyika. Umewaona kwenye televisheni madereva wakiyumbisha magari kushoto, kulia? Ule uso wa tairi unapata joto upesi, lakini upesi hupoa. Anayeutegemea huo tu, kona ya kwanza itamuumbua! Na akizidi kuserereka, mpira wa baridi unachanika vipande vipande, tairi jipya limekwisha kabla ya mbio.

Kijana, si ndivyo ulivyo? Usiku mkutanoni machozi na makofi. Jumatatu kijiweni umeshapoa. Joto la juu juu!

Dereva mwenye akili hukanyaga mafuta kwa nguvu, halafu breki kwa nguvu, tena na tena. Uzito wa gari unaliminya tairi, linakunjika na kukunjuka, joto linazaliwa humo humo ndani. Breki nazo zikiwaka zinapasha rimu, rimu inapasha hewa, presha inapanda, joto linaingia hadi tumboni mwa tairi. Hilo halipoi haraka. Lakini ni kazi, ndugu yangu! Wenye matairi ya moto wanakupita kama umesimama. Waache wapite.

Juni 2023, kwa mbio za Saa 24 za Le Mans, wakubwa wakaruhusu tena kupasha matairi, kwa mbio hizo tu. Zilipokwisha, marufuku ikarudi. Wewe usiku huu unatoka na tairi gani?