Kipimo cha Nani?

Gentoo ni mfumo endeshi unaoujenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo chanzo. Kabla ya kuanza unaiambia kompaila itengeneze programu kwa ajili ya prosesa ipi. Ukiandika -march=native, inaikagua prosesa iliyopo na kutumia kila amri inayoijua. Ukiandika -march=x86-64, inabaki kwenye amri za msingi zilizoingia sokoni na AMD mwaka 2003, ambazo prosesa zote za biti 64 za ukoo huo zinazielewa.

Mwenzenu niliandika native. Nimelipia mashine yote, kwa nini nitumie nusu?

Siku mbili laptopu ilichemka pale Dar. Nikanakili kila kitu kwenye flashi, nikapanda basi kwenda Kibiti kwa binamu yangu, mwalimu, ambaye kompyuta yake kuukuu ilikuwa imelemewa na Windows. Alikuwa na mtihani wa kuchapa. Ikawaka, ikahangaika kidogo, ikakata roho na ujumbe: amri haramu. Haramu! Laptopu yangu ina AVX2, ambayo Intel ilianza kuitoa mwaka 2013. Yake ni ya kabla ya hapo.

"Dada," akasema, "umenishonea nguo kwa kipimo chako."

Jioni ile niliwaza boriti. Mikoko ya delta ya Rufiji, hapo chini tu ya Kibiti, ilikatwa na kupakiwa majahazini hadi Zanzibar na Ghuba, na boriti moja ilifaa nyumba yoyote. Lakini kufaa huko kuna gharama: vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba kwa sababu boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Tajiri na maskini walilala ndani ya upana uleule. Debian nao huwajengea wote kwa amri za msingi, na mwenye prosesa mpya anavumilia chumba chembamba.

Sidhani native ni ubinafsi. Anayejijengea ajipime atakavyo. Langu lilikuwa baya zaidi: niliita zawadi kitu ambacho sikumuuliza mpokeaji hata swali moja kukihusu. Ningeweza kutumia -mtune, inayopanga amri ziipendeze prosesa fulani bila kuzifungia mlango nyingine. Nilijua. Niliona uvivu tu.

Nilijenga upya, siku nyingine mbili. Mtihani alishauandika ubaoni, kwa chaki.